Moyo Ukilemewa, Ipe Mikono Kazi



Himdi zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, kuna jambo hapa Bondeni twalijua lakini hatulisemi. Kijana anafunga, anaswali tarawehe, na bado moyo wake mzito. Usiku halali. Futari haina ladha. Akithubutu kusema, anaambiwa eti ana jini, au imani yake haba. Basi hunyamaza. Nalijua hilo, maana mimi nilinyamaza miezi minane baada ya kufiwa na baba.

Lakini huzuni si ukafiri. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Mtume wetu (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na ndiye aliyetuamrisha tutafute dawa tukiugua.

Waislamu wa zamani walilifahamu hilo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua. Kule Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultan Bayezid II iliyokamilika mwaka 1488 iliwatuliza wagonjwa wa akili kwa sauti za ala na za maji. Najua muziki una khitilafu baina ya maulamaa. Mlango huo leo siufungui. Sanaa ni nyingi.

Tazama hapa kwetu pwani. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima. Ugonjwa wake ulikuwa wa mwili, lakini hofu ya kumwacha binti yake ni ya moyo. Akaitia kwenye beti, na mpaka leo twazisoma.

Mimi si mtunzi. Aliyenigundua ni bibi yangu, na wala hakunihutubia. Alinitilia mkononi kofia, sindano na uzi, akasema, "Mjukuu wangu, nimalizie hii, macho yangu hayaoni tena." Kofia ya mkono haitaki haraka: kila kitundu hukizungushia uzi, na ukikosea wafumua. Juma la kwanza niliiharibu tu. Lakini kwa ile nusu saa, fikra zilitulia. Juma la tatu, macho yangu yako kwenye uzi, nikajikuta namweleza habari za baba. Kumbe ni rahisi kusema wakati hamtazamani! Siku ya pili yake akanipeleka kwa daktari.

Sikiza vizuri hapo: alinipeleka kwa daktari. Kofia ilinifungua mdomo, daktari akanitibu, na dua haikukatika. Hakuna kimoja kilichomfukuza mwenzake. Hata Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, lilieleza kuwa sanaa husaidia afya ya akili pamoja na matibabu.

Basi wewe unayenyamaza, baada ya tarawehe leo chukua kalamu uandike khati, au chora, au tunga beti mbili, au shona. Si lazima iwe nzuri, wala si lazima mtu aione. Na ikiwa moyo unakwambia ujidhuru, usingoje sanaa wala usingoje Idi. Mwambie mtu usiku huu huu, akupeleke hospitali.

Nanyi wazazi, msimhoji mtoto kama askari. Kaa naye, mchambue mchele wa pilau au mshone pamoja. Maneno yatakuja yenyewe.

Ile kofia niliimaliza. Mishono ya mwanzo imepinda, na bibi alikataa nisiifumue. Ndiyo niliyovaa mkiniona msikitini.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, wa mwili na wa nafsi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.