Harambee ya Desemba, Ghala la Februari

Sikukuu za Krismasi na Idi zinapofika, Rais hutuma mbuzi, mchele na mafuta ya kupikia kwenye makao ya watoto, na waumini na wafanyabiashara wa Dodoma nao huchanga. Ni jambo jema. Ila mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mtama huvunwa baadaye. Ifikapo Februari ghala za kaya nyingi zimekauka, na shule zimefunguliwa Januari. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha hadi cha sita mwaka 2022, lakini sare na madaftari bado hununuliwa. Kwa kuwa mifuko hufunguka sikukuu, sehemu ya mchango wa Desemba itunzwe hadi Februari.

Wapo wanaosema harambee hizi ni za kupigia picha, tena zinamzoesha mtoto kuomba. Picha, kweli, zimezidi. Mtoto wa watu hana sababu ya kukumbatishwa ndoo ya mafuta mbele ya kamera. Lakini daftari halijamfundisha mtu uvivu. Hoja nzito zaidi ni kwamba yatima wengi hawako makaoni, wanalelewa na bibi zao vijijini, na huko zawadi hazifiki. Kabla ya kuchangisha mwaka huu, muulizeni afisa ustawi wa jamii ni kaya zipi zinazolea yatima.