Chupa Chini ya Meza

Jioni hii nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe.

Nyumbani kwetu Mwitongo, katika Butiama, nilitia mafuta ya taa katika chupa ya soda, nikaiweka chini ya meza. Mwanangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ametoka katika homa, naye alikuwa na kiu. Ni nani aliyemfundisha kwamba chupa ya namna ile ni ya kinywaji, kama si mimi?

Tulimsikia akikohoa, na kinywa chake kilinuka mafuta. Mama yangu alikimbilia maziwa. Jirani akasema, "Mtieni kidole kooni, atapike!" Mke wangu akawazuia wote wawili: "Mama, tafadhali, usimpe kitu." Alikuwa amefundishwa hayo kliniki. Hatari kubwa ya mafuta ya taa si tumbo, bali mapafu; na mtoto akitapika, mafuta hupata nafasi ya pili ya kuingia humo. Maziwa nayo huweza kumtapisha.

Basi tulimvua nguo zilizolowa, tukamwosha kwa sabuni na maji, tukampeleka hospitali upesi, ingawa kikohozi kilikuwa kimekwisha tulia. Huko walimwangalia jinsi anavyopumua usiku kucha, maana maradhi ya mapafu huweza kuonekana baada ya saa kadhaa. Mimi sikulala. Alfajiri aliomba uji.

Sasa mafuta yamo katika dumu lenye kifuniko, juu ya kabati. Chupa za soda mke wangu huzihesabu.