Miti ya Mlimani na Nyumba za Bondeni

Twataka kunena nanyi habari ya miti na mafuriko katika nchi yetu ya Musoma, Bunda na Butiama.

Mvua ipigapo juu ya ardhi tupu, matone yake huigandamiza ikawa ngumu kama sakafu. Maji hayapati pa kuingia. Hushuka yote kwa mara moja, yakichukua udongo hata milangoni mwa watu. Bali penye miti, majani huvunja nguvu ya matone, takataka za majani makavu hunywa maji, na mizizi huyafungulia njia ardhini. Mengine hushuka vilevile, lakini polepole.

Basi gharika ya bondeni huanza mlimani. Mtu aukataye mti katika kilima cha Balili siye atakayeingiliwa na maji, ila jirani yake akaaye chini mjini Bunda. Mto Mara nao huanza katika misitu ya Mau, nchi ya Kenya, ukaingia ziwani karibu na Musoma. Kwa hiyo shoka la huko ni shauri letu sisi pia. Wazanaki wa Butiama waliulinda msitu wa Muhunda kwa miiko yao, na miiko ile ililinda udongo pia.

Lakini tusidanganyane, miti haizuii kila jambo. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita kipimo cha mwaka 1964, na hapana mti uwezao kulirudisha. Dawa ya hapo ni kukaa mbali: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Tena, tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang, ulio na msitu wake, ulimomonyoka, tope likafunika sehemu za mji wa Katesh.

Twajua kwamba wenzetu wa mlimani hawakati miti kwa ubaya. Chakula hakiivi bila kuni. Kwa hiyo kwanza, kila nyumba ipande miti yake ya kuni karibu na shamba, ili kilima kipumzike. Pili, kandokando ya mito tuiache mikuyu na majani yaliyoota yenyewe, wala tusilime hata majini. Tatu, mche usiozungushiwa miiba ni chakula cha mbuzi. Basi walimu wawagawie watoto miche, kila mtoto auangalie wake mpaka umpite kimo.

Maji hufuata mkondo, wala hayaulizi mpaka wa kijiji. Yafaa watu wa juu na watu wa chini wakae baraza moja kabla ya mvua za vuli, wapatane ni kilima gani kitakachoachwa, na nani atakayekilinda.