Mwambie Tabibu Ukweli

Leo twataka kuwasimulia habari za ndugu mmoja wa kanisa letu, naye mwenyewe ametupa ruhusa.

Ndugu huyu ni fundi wa kushona nguo. Kwa miaka mingi ameinamia cherehani, na mwishowe shingo ikaanza kumwuma, maumivu yakishuka begani hata mkononi. Daktari alimpima, akamwambia ya kuwa mshipa wa fahamu umebanwa shingoni, akampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huko alifungwa mkanda chini ya kidevu na kisogoni, na shingo yake ikavutwa polepole kwa uzito.

Shingo ya mwanadamu ina mifupa 7, na katikati ya mifupa hiyo hutokea mishipa ya fahamu iendayo mabegani, mikononi na vidoleni. Kuvuta huko kwakusudiwa kuipa nafasi mishipa iliyobanwa, na wako waliopata nafuu kwa njia hiyo.

Lakini jioni ya siku ya kwanza fundi aliumwa na kichwa. Baada ya mara ya tatu vidole vya mkono wa kuume vikafa ganzi, na mkasi ukamponyoka. Hakumwambia mtu. Alirudi hospitali akavutwa tena, na alipoulizwa hali yake alijibu tu, "Sijambo, mwanangu."

Sisi wazee tulipomtembelea tulimkuta akijaribu kutunga uzi katika sindano, asiweze. Tukamwuliza, "Fundi, mbona hukusema?" Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Wazee wangu, ningesemaje? Jumapili mlisimama mbele ya kanisa mkatangaza kwamba nimepona."

Wapendwa, neno hilo lilituchoma. Ni kweli, tulitangaza. Tulimwombea, tukamwona anatabasamu, tukafanya haraka kushukuru, wala hatukumwuliza yeye kwanza. Furaha yetu ndiyo iliyomfunga kinywa. Aliogopa kwamba akisema bado anaumwa, tutamhesabu kuwa mtu asiye na imani.

Marko, katika sura ya 8, anatusimulia habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana Yesu alipokwisha kumwekea mikono, alimwuliza kama anaona. Mtu yule hakujibu kwa kumridhisha tu. Alisema kweli: watu aliwaona, lakini walikuwa kama miti inayotembea. Je, Bwana alimkemea? Hasha. Alimwekea mikono tena, naye akaona sawasawa. Basi ikiwa Bwana mwenyewe alimwuliza mgonjwa, na mgonjwa akajibu kweli bila kuaibishwa, kwa nini sisi tuone haya kumjibu tabibu?

Kesho yake tuliandamana na fundi mpaka hospitali. Yule kijana wa fiziotherapia hakukasirika. Aliacha kuvuta, akampima nguvu za mikono, akamgonga viwikoni kwa nyundo ndogo ya mpira, akamrudisha kwa daktari siku ile ile. Alisema, "Mzee, kama ungaliniambia mapema, ningalipunguza uzito au ningaliacha kabisa. Maumivu yako mimi siyaoni; wewe ndiwe unayeyasikia."

Basi na tujifunze. Kichwa kuuma kidogo baada ya shingo kuvutwa huweza kutokea, kwa sababu misuli hukaza au mkanda hubana taya. Hata hivyo mwambie anayekutibu kabla hujavutwa tena. Lakini ganzi ikizidi, mkono ukikosa nguvu, miguu ikiyumba, ukishindwa kuzuia haja, au kichwa kikiuma ghafula kwa ukali, ulimi ukiwa mzito, ukiona vitu viwili viwili, usingoje tarehe ya kurudi. Nenda hospitali mara moja.

Tena, kabla ya kuvutwa, mweleze tabibu kama uliwahi kuumia shingo, au una kifua kikuu cha mifupa, au ugonjwa wa baridi yabisi, au mifupa dhaifu. Kwa watu wa namna hiyo kuvuta huweza kuleta hatari. Wala usijivute mwenyewe nyumbani kwa kamba na mawe, wala usimruhusu jirani akuzungushe shingo kwa nguvu.

Nanyi mnaowatembelea wagonjwa, msiwaharakishe kutoa ushuhuda. Waulizeni kwanza, kisha mngoje jibu.

Leo fundi anashona tena. Kidole kimoja bado kina ganzi, na watu wakimwuliza kanisani, husema wazi, "Bado kimoja." Nasi twamshukuru Mungu kwa vile vilivyopona, na twaendelea kumwombea kwa hicho kimoja.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli juu ya maumivu yetu, na masikio ya kuwasikiliza walio wagonjwa kati yetu. Uwape hekima na upole wote wanaotutibu. Amina.