Muundo wa Faili na Hatima ya Neno: Kuhifadhi Maandishi ya Kiha

Mhadhara huu unahusu swali linalodhaniwa kuwa la mafundi wa kompyuta, ilhali ni la wanaisimu pia: karatasi ya utafiti ikiisha kuskaniwa, ihifadhiwe katika muundo gani wa faili?

Mfano ulio wazi unapatikana katika nyanda za juu za Kigoma. Waha wa Kasulu na Kibondo huzungumza Kiha, lugha iliyo karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda, ambayo Malcolm Guthrie aliipa msimbo D66. Kiswahili sanifu hutumia mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho; Kiha ni lugha ya toni. Mtafiti anayeorodhesha maneno yake huweka kijistari juu ya irabu, na kijistari hicho ni sehemu ya neno, si pambo.

Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, kwa rangi na bila kubanwa, hufikia takriban megabaiti 26. Muundo wa JPEG, uliosanifishwa mwaka 1992, hupunguza ukubwa huo kwa kutupa maelezo madogo madogo ya picha. Kwa picha ya mandhari hasara hiyo haionekani. Kwa kijistari cha wino uliofifia, ubanaji mkali waweza kukigeuza doa au kukifuta. Lipo pia kosa lililojificha zaidi: mwaka 2013 David Kriesel, Mjerumani, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox, kutokana na njia nyingine ya kubana, zilibadilisha tarakimu, 6 ikawa 8. Ukurasa ulikuwa safi, lakini ulisema uongo.

Kwa hiyo muundo mmoja hautoshi kwa kazi zote. Nakala kuu ihifadhiwe katika TIFF, bila ubanaji wa kupoteza. Nakala ya kusomwa iwe PDF/A, kiwango cha kimataifa cha uhifadhi tangu mwaka 2005, kinachobeba fonti zake ndani ya faili. JPEG itolewe kutoka nakala kuu, kwa ajili ya kutumwa mahali penye intaneti hafifu. Maandishi yanayochapwa upya yafuate Yunikodi, ili alama za toni zisipotee katika kompyuta nyingine.

Nakala nzito huzaa nyepesi. Nyepesi haiwezi kurudisha kilichotupwa. Karatasi ikiliwa na mchwa, na mzee aliyelitamka neno akifariki, faili ndiyo itakayobaki kuwa shahidi.