Trekta, Theluji na Mchanga

Leo tuitazame kazi ya kusafisha barabara za Ufini wakati wa theluji.

Huko, baridi ikiingia, trekta lililolima shambani hubadilishiwa kazi. Mbele hufungwa bamba la chuma la kusukuma theluji. Nyuma, chombo cha kunyunyizia mchanga au kokoto ndogo. Uzito huo wa nyuma una faida ya pili: bila huo, bamba huelemea mbele, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza. Ndiyo maana wengine huyavisha minyororo.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa mwananchi wa kawaida, njia isiyosafishwa ni nyonga iliyovunjika, ni gari la wagonjwa lililokwama. Kwa mkulima mwenye trekta, ni kipato wakati shamba limelala.

Sasa tupime pande zote mbili za mjadala wa chumvi na mchanga. Wapo wanaotetea chumvi, kwa kuwa huyeyusha barafu. Ni kweli, ila baridi ikizidi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hupoteza nguvu. Tena hupenya hadi kwenye maji ya ardhini. Kwa upande mwingine, mchanga hauyeyushi kitu. Huzuia utelezi tu, na theluji ikiisha hugeuka vumbi linalosumbua mapafu hadi ufagiliwe.

Swali basi ni hili: mji ukilazimika kuchagua, utangulize maji ya kunywa au hewa ya kuvuta?