Kutarajia na Kuona



Nimeombwa niseme machache yatakayowafaa vijana, nami nimechagua neno moja tunalolitumia kila siku: kutarajia.

Kila mtu hutarajia. Mkulima akiona mawingu ya masika hushika jembe. Mama akimtuma mtoto unga dukani, huku nyuma hubandika maji jikoni. Bila kutarajia hakuna ambaye angepanda wala kupika. Lakini kutarajia kuna hatari yake, na mimi niliionja mapema.

Niliosoma nao watakumbuka jaribio la kijiwe na uzi katika maabara ile pale. Tulitakiwa kuhesabu mibembeo, kisha tukokotoe kipimo cha mvutano wa dunia. Mimi nilijua kitabu kinasema 9.8, basi nikaandika 9.8 bila kujisumbua kuhesabu. Jirani yangu alihesabu kwa uaminifu, akapata 9.3, akaiandika kwa aibu. Mwalimu alimpa yeye alama nzuri. Mimi alinipa sifuri. Nilinung'unika muhula mzima.

Wakubwa wa sayansi nao wamepita njia hiyo. Mfaransa Urbain Le Verrier alichunguza kwa nini sayari ya Uranus haiendi kama ilivyotarajiwa. Akapiga hesabu, akasema iko sayari nyingine inayoivuta, akataja na mahali pake angani. Usiku wa tarehe 23 Septemba, 1846, Johann Galle aliielekeza darubini huko Berlin, akaikuta Neptune. Tofauti na mahali alipoambiwa haikuzidi digrii moja.

Basi mwaka 1859, Le Verrier alipoona kwamba Utaridi nayo inakwenda kombo kidogo, alitarajia jibu lile lile: kiko kitu kisichoonekana kati yake na jua. Sayari hiyo ikapewa jina, Vulcan, na wakatokea watu waliosema wameiona kwa macho yao. Lakini haikuwapo. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba nadharia yake mpya ya mvutano inaueleza mwendo wa Utaridi bila kuhitaji sayari nyingine. Mtu yule yule, hesabu za namna ile ile: mara ya kwanza tarajio lilimwongoza, mara ya pili lilimpoteza.

Baada ya shule nilifanya kazi ya maabara katika hospitali moja ya wilaya. Msimu mmoja wa mvua aliletwa mtoto mwenye homa kali. Wakati ule karibu kila homa ilikuwa malaria. Nikaitazama damu yake kwa hadubini, nikitafuta vijidudu vya malaria, nisivione, nikaandika: "Hakuna." Siku ya pili mtoto alirudishwa amezidiwa. Mwenzangu alikichukua kioo kile kile, akanyamaza kidogo, kisha akaniita nitazame. Vijidudu vilikuwapo, vyembamba, vimejipinda kama springi. Ilikuwa homa ya papasi. Vilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza, ila sikuvitarajia. Mtoto alipewa dawa inayostahili, akapona. Mimi sikulala usiku ule, na niliikumbuka sifuri yangu.

Vijana, siwaambii msitarajie. Galle asingepata kitu kama asingeambiwa pa kutazama. Nawaambia hivi: tarajio likuonyeshe pa kutazama, lakini lisikuandikie ulichokiona. Mkiwa maabara, andikeni kwanza mlichokiona, ndipo mfungue kitabu. Vikitofautiana, msifute, ulizeni kwa nini. Na mkishakipata mlichokuwa mkikitafuta, au mkikikosa, tazameni mara moja zaidi, kama vile hamkutarajia lolote.

Mwalimu wangu yule hatunaye tena. Ningependa kumwambia kwamba katika alama zote nilizopata shuleni hapa, ile sifuri ndiyo iliyonifaa zaidi.